Treloar Alipokataliwa na Sanduku Lake

Mimi hapa Norfolk, kisiwa chetu kidogo mashariki ya Australia, naitwa Birika. Jina la kanisani ni Verity Nobbs, lakini ukiuliza barabarani Verity Nobbs yuko wapi, utaonyeshwa kaburi la bibi yangu. Birika nilipewa nikiwa na miaka sita, siku niliyonasa kidole kwenye mdomo wa birika la shangazi nikapelekwa nalo ibadani hivyohivyo. Kila mtu kisiwani ana jina la namna hiyo, na kitabu chetu cha simu huandikwa kwa majina hayo: Supu, Breki, Mguu wa Meza, Kuku Wawili. Wageni hucheka. Wacheke tu, sisi tunapatana.

Bwana Treloar hakuwa na jina. Alitoka Tasmania miaka ishirini na miwili iliyopita, yeye na mkewe na binti yao, kuja kutunza mitambo ya simu. Mke alivumilia vipupwe viwili, akamchukua binti wakapanda ndege. Yeye akabaki. Muda wote huo tulikaa ofisi moja, meza kwa meza, na aliniita Bi Nobbs mpaka nikachoka kumsahihisha. Mtu mpole, mwangalifu kupita kiasi. Hapa kwetu hatubishi hodi, tunafungua mlango na kuita tukiwa tumeshafika jikoni. Treloar alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wa ofisi yake mwenyewe, anasimama nje, mvua inamnyeshea, mpaka nimwambie pita. Iliniudhi, nasema kweli.

Mwaka wake wa ishirini na mbili, wachapaji wa kitabu cha simu wakaacha kazi. Treloar akasema orodha ataitia kwenye sanduku dogo pale mitamboni, watu waitafute kwa simu zao za mkononi hata mtandao wa bara ukikatika. Sanduku lenyewe lilitoshana na mche wa sabuni, na nafasi ndani yake ni ya kubania. Programu ya kutunza orodha, kumbe, ilitengenezewa mashine kubwa za maofisini. Haina sura wala dirisha. Inakaa nyuma huko, macho, inangoja kuulizwa ijibu. Kazi ya Treloar ilikuwa kuipunguza ienee, aifunge kifurushi kimoja ambacho sanduku lingeweza kukimeza. Aliiandaa kwenye kompyuta yake ya nyumbani, maana sanduku halikuwa na nguvu ya kujiandalia. Akipunguza hapa, haiwaki kabisa. Akipunguza pale, inawaka, lakini umeme ukikatika haiamki tena. Miezi mitano mtu mmoja anahangaika na hayo, jioni zote, peke yake.

"Umekula lakini?" namuuliza.

"Nitakula, Bi Nobbs."

"Utakula nini, nyaya?"

Siku moja akanambia mkataba wake unaisha Agosti, na binti yake kule Launceston, kwao Tasmania, amemtengea chumba.

"Unataka kwenda?"

"Sitaki. Ila mtu akibaki mahali, lazima kuwe na kitu kinachomshika. Bado nakitafuta."

Nilimsikia vizuri sana. Nikaendelea kunywa chai yangu.

Wiki iliyofuata akaja na swali. "Kila anayeingia kwenye orodha, kuna kitu kimoja lazima awe nacho. Kiwe kipi? Jina la ukoo?"

"Ukoo wa nini! Akina Christian peke yao wanajaza ukumbi. Weka jina la utani. Asiye nalo, sanduku limkatae."

Alinitazama kidogo. "Limkatae kabisa?"

"Kabisa, bwana! Asiye nalo nani atamtafuta?"

Akaandika. Mimi huyo, mjuaji, nikarudi kwenye makaratasi yangu.

Siku ya kuzindua tulijaa ukumbini, meza imeinama kwa samaki na pilhi, mikate yetu ya ndizi ya kuoka. Kila mtu anajitafuta. Breki alipojiona akapiga kelele kama kashinda bahati nasibu. Kuku Wawili akamtafuta jirani aliyesimama naye bega kwa bega, akampigia, wakaongea. Treloar alisimama karibu na mlango na sahani yake.

"Na wewe jitafute basi, Bwana Treloar!" Supu akamwita.

"Namba yangu naijua," akajibu, akatabasamu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Loo, nilijisikia vibaya! Nikarudi ofisini mbio, nikafungua daftari la sanduku, mahali linapoandika kila linachoombwa. Treloar alikuwa amejaribu kujiingiza mara nne. Jina la ukoo, Treloar. Namba ya simu, ipo. Jina la utani, hakuna. Mara nne limemkataa. Na sheria ile aliiandika yeye, angeweza kuifuta kwa dakika moja. Hakuifuta, kwa sababu nilimwambia "kabisa".

Kesho yake nikamwendea Supu klabuni. "Tumpe jina yule mtu."

"Birika, umechanganyikiwa? Jina halipangwi na kamati. Linatokea. Amefanya nini?"

"Ameishi hapa miaka ishirini na miwili!"

"Hilo halichekeshi."

Nikakaa nikawaza la kumsimulia, kituko chochote. Sikupata hata kimoja. Meza kwa meza miaka yote hiyo, na sikuwa na la kusema juu yake. Nikaona aibu.

Agosti mkataba ukaisha, na Jumapili nilimsindikiza uwanja wa ndege. Nilitaka kumwambia abaki. Nikamwambia, "Usisahau koti." Akanishukuru, akapanda ndege.

Septemba ikavuma dhoruba, umeme ukakatika siku mbili. Uliporudi, sanduku likaamka lenyewe bila mtu kuligusa, kama alivyokusudia. Supu alikuwa kaja ofisini kuuliza habari za waya wake ulioanguka. Tukiwa tunabishana, upepo ukaugonga mlango, mara mbili, taratibu, kwa adabu. Supu hata hakugeuka.

"Pita, Hodi, utalowa bure!"

Tukatazamana. Kisha tukaangua kicheko, tukacheka mpaka Supu akashika ukuta. Nilipoacha kucheka nikagundua nalia. Hadi jioni kisiwa kizima kilikuwa kimelipata: Hodi angekuwepo angetengeneza, Hodi alikuwa anakaa nyumba ile pale. Nikaliandika kwenye orodha, na namba yake ya Launceston, ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Sanduku likakubali papo hapo.

Nikampigia.

"Bwana Treloar, leo limekukubali."

"Kwa jina gani?"

"Hodi."

Alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka namna ile. Kisha akauliza:

"Nyumba yangu imeshapata mtu?"

"Fundi mpya kahamia wiki iliyopita."

"Vizuri," akasema. "Asante, Birika."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo, na maili zote zile kati yetu.

Watu sasa wanalitaja jina lake kila siku, lakini kumpigia ni kitu kingine. Daftari la sanduku huandika kila jina linalotafutwa. Hodi hutafutwa mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya ibada. Namba yake naijua kwa moyo. Namtafuta tu ili ionekane kuna anayemtafuta.