Madawati Nje, Fotei Ndani

Barua ya yule mama mwandishi ilikuwa fupi. Alisema amezaliwa hapahapa Bunia, kitabu chake kimetoka, na akipita angependa kukaa saa mbili na wanafunzi wetu asikie wanachoandika. Aliomba ubao na chaki, basi. Mkuu wa shule, ambaye kwetu tunamwita prefe, aliisoma mbele yangu akacheka.

"Madame, mugeni wa namuna ile tumuikalishe na batoto mbele ya tableau tupu? Muji muzima utatucheka. Weye njo utatayarisha salle."

Kuandaa ukumbi, mimi! Kichwa kilinivimba, sifichi. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi pale bila mtu kunikabidhi kitu kikubwa kuliko funguo za kabati.

Katika darasa langu alikuwamo msichana wa mtaa wa Mudzipela aliyekuwa ameandika hadithi ya kurasa tatu, kwa Kiswahili, ingawa sekondari kila kitu ni Kifaransa. Ilihusu familia inayokimbia kijiji na kumwacha ndama mgonjwa, na baba anayegeuka nyuma kila baada ya hatua chache. Sikumuuliza kama ni baba yake. Aliniomba amsomee mwandishi, nikamwahidi. Kwa wiki mbili, kila mapumziko, alinisomea mimi nyuma ya darasa. Mwanzoni sauti ilitetemeka, kisha ikakaa. Mtoto yule hakuwahi kuniomba kitu kingine chochote.

Kisha nikaingia kazini. Tuliondoa ukuta wa mbao kati ya madarasa mawili, tukatoa madawati yote, tukayapanga uani kwenye jua. Parokia ilituazima fotei sita, vile viti vipana vyenye mito, wanafunzi wakazibeba vichwani. Nilipanga viti vya plastiki nyuma ya fotei, nikaweka maua ya plastiki mezani. Jenereta ilitoka kanisani pamoja na spika, maikro na projekta ya picha. Kwa ajili ya projekta nilileta shuka langu jeupe, la arusi, nikalipigilia misumari juu ya ubao. Ule ubao alioomba yule mama niliufunika kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikarudi nyuma hatua mbili kutazama kama shuka limenyooka.

Nilipohesabu viti nikaona havitoshi. Wakubwa wa ofisi, wachungaji, kamati ya wazazi, watu wa redio: vyote vimekwisha na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekaa. Nikamwendea prefe.

"Batoto bamezoea kusimama," alisema. "Basimame ku madirisha. Hewa iko mingi kule."

Nikacheka naye. Hicho kicheko ndicho kinachonikera mpaka leo.

Halafu programu. Kila mtu wa kwetu anajua inavyokwenda: sala, wimbo wa taifa, kisha kila mkubwa na neno lake, na kila mmoja lazima awataje wote waliotangulia kabla ya kusema lake. Mgeni anafuata, na watoto mwisho, maana mtoto kusema kabla ya mkubwa ni utovu wa adabu. Niliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa, nikaibandika mlangoni. Msichana wangu alikuwa namba kumi na moja. Hakuna aliyenilazimisha.

Siku ilipofika alikuja na nywele zimesukwa upya na viatu vya dada yake, vikubwa kidogo. Akaenda kusimama nje ya dirisha la pili, daftari kifuani. Mgeni aliingia, mama mfupi aliyevaa kikwembe, kitenge cha kawaida tu, akatazama fotei, akatazama viti.

"Batoto beko wapi?" aliuliza.

Prefe akamwonyesha madirisha. Yule mama aliwapungia mkono, wakapiga makofi, akakalishwa.

Hotuba zikaanza. Katikati ya ile ya nne jenereta ilikohoa ikazima. Petroli ilikuwa imekwisha, maana tangu asubuhi tuliiacha ikipiga nyimbo za kupokelea wakubwa. Msemaji akabaki na maikro mkononi, mdomo wazi. Ungedhani angeendelea kwa sauti yake, chumba chenyewe si uwanja wa mpira. Wapi! Mkubwa hasemi bila maikro. Prefe akatuma mtu kwa pikipiki kutafuta petroli, na ukumbi mzima ukakaa kungoja.

Tulingoja karibu nusu saa. Yule mama alitazama saa yake, akatazama shuka langu lisilo na picha yoyote. Msichana alinitazama mimi. Aliinua daftari kidogo tu, kama anayeuliza. Kurasa tatu! Hazihitaji jenereta, hazihitaji maikro, na sauti yake ilikuwa tayari. Nani alijua hivyo kuliko mimi? Nilikuwa nimekaa safu ya pili, kikwembe kipya, waya wa umeme wa projekta mapajani, nikijua kabisa la kufanya. Nikainua kiganja nikamwonyesha: ngoja. Tulikuwa bado kwenye namba sita.

Petroli ilifika, hotuba zikarudi, hata ile ya nne ilianzwa upya kutoka salamu. Mgeni alipopewa nafasi yake aliongea dakika chache, akaanza kuuliza kuhusu wanafunzi wanaoandika, na hapo dereva wake akaingia kumnong'oneza. Walikuwa wanaelekea Irumu, na ile barabara si salama, watu huipita jua likiwa bado juu. Alisimama, akaomba radhi, akapigwa picha na waliokuwa kwenye fotei. Gari likaondoka.

Wakubwa walikunywa soda wakaenda. Tulibaki kurudisha madawati. Msichana alishika upande mmoja wa dawati, mimi mwingine, tukaingia nalo, tukarudi kuchukua jingine, mara tatu, mara nne. Mlangoni akasimama kupumua.

"Madame, ni nani aliandika programe?"

"Ni prefe," nikajibu, upesi.

Aligeuka akaitazama ile karatasi iliyokuwa bado imebandikwa pale, akaisoma yote taratibu, mpaka namba kumi na moja. Mwandiko ulikuwa wangu, uleule ambao alikuwa akiunakili kutoka ubaoni kila siku ya mwaka ule. Kisha akainama, akashika tena upande wake wa dawati, akanisubiri niinue wangu.