Mchawi Aliyetafutwa kwa Kompyuta Yangu

Niliwahi kusimama mbele ya kijiji kizima, jenereta inanguruma nje, projekta imewaka, watu wananisubiri nibonyeze kitufe niwatajie mchawi.

Mimi si mganga. Ni mwalimu wa takwimu, tena wa kujifunza mwenyewe.

Pale Tunduma nina chumba nyuma ya duka la kuchapia, na kompyuta chache za mtumba. Wanakuja vijana wanaotafuta kazi za kukusanya takwimu kwenye miradi. Nawafundisha kwa programu: wastani, sampuli, uhusiano wa vitu viwili. Unaingiza namba, mashine inachora nguzo, mtu anaelewa hata kama hesabu zilimpiga chenga shuleni.

Mwanafunzi wangu mmoja, Osward, anatoka kijiji fulani upande wa Mbangala. Jina la kijiji naliacha. Ni mwepesi wa mikono, ila ana haraka.

Msimu ule wa mvua watoto wengi walikufa kijijini kwao. Malaria.

Osward akaamua kufanyia zoezi langu hukohuko. Akapita kwenye nyumba zilizofiwa akiuliza: mtoto alipokuwa anaumwa, nani alikuja hapa?

Jina moja likawa linajirudia. Bibi Tupokigwe, mjane anayepeleka uji na maombi kwa kila mgonjwa.

Osward akachora nguzo. Ya bibi ikazipita zote.

Kabla hajanionyesha mimi, akairusha kwenye grupu la kijiji.

“Mwalimu, grupu limewaka,” aliniambia darasani. “Mwenyekiti anasema lambalamba wamekatazwa, lakini kompyuta haijakatazwa.”

Lambalamba ni wale watu wanaoitwa vijijini kwetu kuwafichua wachawi. Wakishakutaja, hata ndugu yako anahama upande wa pili wa njia.

“Nyumba ambazo mtoto aliumwa akapona,” nikamuuliza, “huko nako uliuliza nani alikuja?”

“Za nini hizo, mwalimu? Si hakuna aliyekufa?”

Nikakaa chini.

“Osward, pale mpakani foleni ya malori ikirefuka, wauza mayai nao wanaongezeka. Kwa hiyo mayai ndiyo yanaziba barabara?”

Akacheka. “Hapo umenimaliza. Ila bibi kashapewa mpaka Jumapili awe amehama.”

Ndiyo maana nikaenda, na mwenyekiti akaitisha mkutano.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule, madirisha yamezibwa kwa magunia ili picha ionekane ukutani. Bibi Tupokigwe alikaa benchi la mbele. Watu walikuwa wamebanana nyuma, lakini benchi lake walilikwepa.

Mtu mmoja tu alikaa naye, kamshika mkono. Nesi Enesi wa zahanati, binti wa kutoka Ileje.

“Tulia, bibi,” nilimsikia akimwambia. “Wataona tu.”

Mwenyekiti, mzee Anyosisye, hakuwa na salamu ndefu. “Mwalimu, tupe jibu. Mashamba yanatusubiri.”

Nikaomba waliofiwa, ambao bibi aliwafikia, wanyooshe mikono. Osward akaingiza namba. Nguzo ikapanda.

Kisha nikasema, “Sasa wale ambao mtoto aliumwa akapona. Bibi alifika?”

Mikono ikanyooka. Kwanza kwa woga, halafu darasa zima. Osward akaingiza. Nguzo ya pili ikapanda, ikasimama sawa na ya kwanza.

“Bibi anakwenda kwa wagonjwa wote,” nikawaambia. “Wapo waliokufa, wapo waliopona. Uji wake hauchagui.”

Mzee mmoja akasema kutoka nyuma, “Kwa hiyo tulitaka kumhamisha mpika uji?”

Watu wakacheka. Nikavuta pumzi. Nilijua yameisha.

Mwenyekiti hakucheka.

“Sawa. Bibi tumemwacha. Sasa ni nani?”

“Malaria, mzee.”

“Malaria ilikuwepo tangu enzi za babu zetu. Mimi nauliza ni nani.”



Bibi Tupokigwe akauchomoa mkono wake kwenye mkono wa nesi. Akasimama taratibu.

“Mwalimu, mwanangu,” akasema. “Mweke nesi naye kwenye hiyo mashine.”

Nesi Enesi akacheka. Alidhani ni utani.

“Niweke tu, mwalimu. Kazi yangu ni wagonjwa. Wauone ujinga wenyewe.”

“Osward, acha,” nikasema.

Lakini mwenyekiti alikuwa ameshauliza. “Mliofiwa, nesi aliwagusa watoto wenu?”

Hakuna mfiwa aliyebakiza mkono chini. Osward akabonyeza. Nguzo ikapanda mpaka ikagota juu.

“Kumbe,” akasema mwenyekiti, kwa sauti ya chini kabisa.

Nikaenda mbele ya picha, nguzo ikanichora kifuani. “Hatujamaliza. Nani mtoto wake alipona mikononi mwa nesi Enesi?”

Mikono ilibaki magotini.

Nikarudia swali. Mbele yangu alikaa mama mmoja, amempakata mtoto. Plasta ya dripu ilikuwa bado ipo kwenye mkono wa mtoto.

“Mama Lusungu,” nesi akamwita, hacheki tena. “Si juzi tu hapa?”

Mama Lusungu akaushusha mkono wa sweta la mtoto, akaifunika plasta.

Ukutani ikabaki nguzo moja ndefu, na pembeni yake hakuna kitu. Bibi Tupokigwe alikuwa ameshahamia nyuma. Akina mama walimsogezea nafasi.

Kesho yake nesi aliondoka kwa pikipiki, godoro mgongoni, watoto wanamrushia madongo. Wengine mama zao aliwazalisha yeye.

Kabla sijaondoka nilimfuata bibi nyumbani kwake.

“Bibi, kwa nini? Yeye peke yake ndiye alikaa na wewe.”

Aliendelea kupepeta mahindi.

“Baba, walikuwa wanataka mtu. Wewe uliwapa hakuna mtu. Uliona wanakubali?”

Nikabeba kompyuta yangu, nikarudi Tunduma. 

Zahanati ikafungwa. Kila anayepangiwa kwenda anaisikia habari ile, anatafuta sababu.

Mwaka huu Osward amenitumia mchoro mpya. Vifo vya watoto vilivyoandikwa zahanati, kabla na baada ya nesi kuondoka. Kabla, nguzo ndefu. Baada, sifuri. Mwenyekiti ameuchapa, ameubandika ofisini kwake.

“Mwalimu, tulimpata kweli,” Osward ameandika chini ya mchoro.

Nikampigia.

“Osward, vifo alikuwa anaandika nani?”

“Nesi.”

“Na sasa anaandika nani?”

 Nilisikia kuku tu nyuma yake.

“Makaburi je?”

“Yapo, mwalimu. Madogo madogo, hata udongo haujakauka. Ila kwenye mchoro hayaonekani.”

“Uubandue basi.”

“Nani, mimi? Halafu waniweke na mimi kwenye mashine?”

Akakata simu.

Ndugu yangu unayesoma, mtu akikuonyesha sifuri, usiwahi kupiga makofi. Muulize kwanza aliyekuwa anahesabu amempeleka wapi.