Daktari wa Bafuni

Kifungua mimba wa nyumba ile, binti wa miaka kumi na mitano, alikuwa na kawaida ya kujifungia bafuni kila asubuhi akazungumza na kioo. Hufungua bomba kidogo ili asisikike, ingawa nyumba nzima humsikia, kisha hukohoa na kujiuliza kwa sauti nzito ya daktari: "Haya binti, leo tunasumbuliwa na nini?" Mama yake, taulo begani, huwa nje akifoka, "Toka huko, tunachelewa!"

Siku hiyo mama alikwisha kuinua ngumi agonge, akamsikia daktari akiuliza, "Mbona shuleni unacheka sana?" Kisha sauti nyembamba ya mgonjwa ikajibu, "Nikinyamaza wataniuliza nina nini, na mimi mwenyewe sijui."

"Umemwambia mama?"

"Mama ana haraka kila siku."

Ngumi ikashuka yenyewe. Baba akaja mbio, mswaki mdomoni, amebana miguu. "Nani yumo?"

"Daktari yuko na mgonjwa," mama akanong'ona, akaketi sakafuni na kuegemea mlango. "Na anayefuata ni mimi. Wewe nenda kwa jirani."