Kushusha Nyuzi za Dada

Dada yangu alivunjika mkono wa kushoto siku niliyompakia kwenye pikipiki. Tulikuwa tunatoka Masoko, mvua imetoka kunyesha, nikaingia kwenye kona kwa mwendo ambao alikuwa ameshanikataza mara mbili. Mimi nilichubuka goti tu. Mkono wake ulifungwa, ukaunga vibaya, vidole viwili vya mwisho vikabaki vimekunjika.

Yeye ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa kwaya kanisani kwetu Mpuguso. Mimi natengeneza magitaa na redio kwenye kibanda mjini Tukuyu. Mkono ulipofunguliwa, alikuja na gitaa lake kavu, lile lisilotumia umeme.

"Nyuzi ziko juu sana," alisema. "Nishushie."

Hazikuwa juu. Nafasi kati yake na shingo ya gitaa nilikuwa nimeipima mwenyewe kabla ya ajali. Lakini nililegeza nyuzi, nikachomoa kimfupa kinachozibeba, nikakisugua kwa msasa upande wa chini. Akajaribu, akasema afadhali. Baada ya wiki mbili akarudi, nikasugua tena. Mara ya tatu nyuzi zikawa zinagusa vyuma vya shingoni, kila sauti inakwaruza, naye anabonyeza mpaka jasho linamtoka.

Nikampa gitaa langu la umeme. Hilo halisuguliwi, unazungusha skrubu ndogo, nyuzi zinashuka, ukikosea unazipandisha. Nilizishusha hadi mwisho. Kidole cha pete kikashika, cha mwisho kikateleza.

"Bado kidogo," nikasema. "Kesho nitaliangalia tena."

"Acha, mdogo wangu. Gitaa halina kosa."

Neno la kumwomba radhi nilikuwa nalo tangu siku ile tulipoanguka, lakini nikaanza kulifuta gitaa. Alinitazama, nadhani alikuwa akilingoja neno hilo, kisha akavaa koti lake la mvua kwa mkono mmoja.

"Lile kavu litengeneze lipigike," akasema. "Kuna mama kwenye kwaya anajifunza."

Kimfupa kile kilikuwa kimekwisha. Niliomba mfupa wa ng'ombe buchani, nikauchemsha, nikaukata, nikachonga kingine. Jumapili yule mama alipiga, polepole, akikosea. Dada aliimba mstari wa nyuma, mkono ndani ya kitenge. Baada ya ibada nilimfuata nje nimwambie neno lile. Alinisalimia kama alivyowasalimia watu wengine, akaondoka na wenzake kwenda msibani Kawetele.