Kijani Chini ya Macho ya Mtemi

Raymundi Shilinde, mchora vibao vya maduka pale Kanyenye, alikuwa mwoga tangu utoto. Mbwa akibweka, yeye huvuka barabara. Na mwoga huyohuyo, jamani, ndiye aliyeitwa kumchora Mtemi wa nchi moja ndogo upande wa Usoke.

Rangi za mafuta alifundishwa na padri mzee wa misheni. Padri yule alikuwa na sharti la kumchosha mtu: kabla ya picha yenyewe, chora ya mazoezi, na humo uzidishe rangi. Ukiona wekundu kidogo shavuni, weka wekundu wa pilipili. Ukiona chembe ya kijani, weka kijani cha jani la muhogo. Jicho likishazoea kuona, ndipo unapunguza katika picha ya kweli. Raymundi aliishika kanuni hiyo kama katekisimu.

Basi Mtemi akakaa mbele yake asubuhi nzima, na Raymundi akamchora kwenye ubao wa mazoezi: mashavu ya njano, midomo ya zambarau, chini ya macho kijani kitupu. Nyumbani akachora ya pili kwenye turubai, ile ya heshima, akaziacha zote ukutani mpaka zikauke.

Siku moja alirudi kutoka kazini, mkewe Bertila akamweleza kwa furaha kwamba Masolwa, mwanangwa mkubwa wa Mtemi, yaani mkuu wa wale wanaomsimamia vijiji vyake, alipita kwa baiskeli kuchukua picha. Bertila mwenyewe aliifunga kwenye shuka, isipate vumbi. Alimpa ile inayong'aa. Raymundi akatazama ukutani. Ile ya heshima ilikuwa bado inaning'inia.

Akalia kwamba wameangamia. Bertila akamwambia asijitie wazimu, rangi tu hiyo. Wee! Rangi tu? Unyamwezi nzima inajua kwamba mtemi haugui. Mvua na mavuno vimo mwilini mwake. Wazee walisimulia kwamba zamani mtemi aliyezidiwa na ugonjwa hakuachwa afe mwenyewe. Watu wake walimnyonga, wakamtawaza mwingine mwenye afya. Mwingereza alikuwa amekuja na sheria zake, lakini wanangwa hawakuacha kuuchungulia uso wa mtemi kama watu wanavyochungulia mawingu. Na Raymundi amempelekea uso wa maiti, kwa mkono wa mwanangwa. Kama Masolwa alifungua ile shuka njiani, kwisha habari.

Kesho yake akaitwa. Alifikiria kukimbilia Nzega kwa mjomba wake, akakumbuka watoto, akaenda, turubai kwapani. Kufika ikulu alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama ilivyo desturi, macho chini. Mtemi aliwatoa watu wote nje, Masolwa naye, kisha akafungua fundo la shuka. Lilikuwa fundo la Bertila, halijaguswa mpaka hapo. Mtemi akauona ule uso wa kijani.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna, Mtemi. Ni mazoezi tu. Nilizidisha."

"Ulizidisha nini?"

Raymundi akataka kujibu kwamba si kitu. Lakini padri hakumfundisha kubuni; alimfundisha kuzidisha kile kilichopo. Akainua macho kwa hofu, akamtazama Mtemi usoni. Chini ya macho kijani kilikuwapo. Kidogo sana, lakini kilikuwapo. Alikiona siku ile ya kuchora bila kujua anaona nini, na sasa Mtemi alimwona anakiona.

Mtemi akaipokea turubai, akautazama ule uso usio na ugonjwa kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama ndugu aliyehama. Akaamuru ubao uchomwe palepale kwenye jiko la mkaa. Raymundi aliushika mwenyewe mpaka moto ukamfikia vidole.

"Kila mwezi utakuja kunitazama," Mtemi akasema, na sauti yake ilikuwa na woga uleule wa Raymundi. "Rangi hii ikizidi, uniambie kabla Masolwa hajaona."

Raymundi akaitikia, angefanyaje? Nje, Masolwa alikuwa ameegemea baiskeli, anamngoja. Akauliza kwa upole kama Mtemi ameipenda picha, huku akimkazia macho. Raymundi akajibu ameipenda sana, akageuza uso wake upande, Masolwa asije akausoma.