Kesi ya Kashinje Haikwenda Dar

Kashinje hakutaka pole ya mtu. Alitaka Bwana Elias, mwenye kampuni ya mashine za kusaga, aje Mpanda kwa miguu yake mwenyewe, asimame mbele ya mashine iliyomla mkono, aone haya watu wakimtazama. Fidia angepokea, kwa nini asipokee, lakini si hiyo iliyomkosesha raha. Kilichomkosesha raha ni kwamba mwenye mashine hajawahi hata kumwona.

Kabla ya hapo alikuwa msusi. Wanawake walitoka mpaka Katumba kuja kusukwa naye, na mikono ikienda, mdomo nao ulikuwa ukiwasema waume zao mpaka wenyewe wanalia kwa kucheka. Siku moja akapeleka mahindi kusaga. Pale mashineni mteja hujishikia kiroba mwenyewe chini ya bomba la unga, na kulifikia bomba sharti upite kando ya mkanda unaozunguka bila kifuniko. Mkanda ukadaka ncha ya kanga aliyojitupia begani. Ukavuta kanga, ukavuta na mkono wa kulia. Hospitali waliukata juu ya kiwiko.

Alipodai haki yake, kampuni ikamjibu kwa barua fupi: uzembe ni wako, na ukitaka kushtaki, njoo Dar es Salaam yaliko makao makuu. Walijua fika Dar ilivyo mbali. Aliyeandika barua ile alikuwa na mikono yote miwili, mlaaniwa yule.

"Achana nao, mama," Machibya, mumewe, alimsihi. "Mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe nipite wapi? Mkono wangu umebaki kwake."

Akaipeleka barua kwa Dina, msaidizi wa kisheria pale mjini. Dina aliisoma akasonya.

"Wanakutisha tu, dada. Ukiumizwa kwenye biashara ya mtu, sheria inakuachia uchague. Unamshtaki kule anakokaa, au pale ulipoumia. Wewe umeumia wapi?"

"Si hapa hapa."

"Basi shtaki hapa hapa. Kule Dar hakimu ataisikia hiyo mashine kwa maneno. Hapa anaweza kwenda kuiona."

Maneno hayo yalimwingia Kashinje kuliko dawa zote za hospitali. Alirudi nyumbani akiimba, na Machibya akaogopa zaidi.

Wakili wa kampuni aliweka pingamizi kwamba kesi imefunguliwa mahali sipo. Hakimu akalitupa: mama ameumia Mpanda, atasikilizwa Mpanda. Ikabidi Bwana Elias apande ndege aje kujitetea. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na Kashinje alimchukia zaidi kwa upole huo. Aliapa kwamba mahali pale ni salama kabisa, hata mtoto anapita.

Kashinje hakuwa na wakili. Alisimama mwenyewe.

"Baba, umesema hata mtoto anapita?"

"Ndiyo, mama."

"Mheshimiwa, naomba twende tukapaone."

Wakaenda wote, hakimu, karani, na nusu ya wanawake wa mtaa nyuma yao. Mkanda ulikuwa uchi vilevile. Kumbe kampuni iliambiwa na wakili wake isiweke kifuniko kesi ikiendelea, wasije wakaonekana wamekiri kosa. Mwaka mzima wateja walikuwa wakipita pale wameng'ata kanga zao kwa meno.

"Mheshimiwa," alisema Kashinje, "namwomba huyu baba asimame pale niliposimama mimi. Asishike kitu. Asimame tu, mashine iwashwe."

Hakimu alimtazama Bwana Elias. "Una pingamizi?"

Angesema nini, na kiapo chake bado kibichi? Akasogea mpaka chini ya bomba. Mashine ikawashwa, sakafu ikatetemeka, mkanda ukaanza kuvuma shubiri mbili tu kutoka tumboni kwake. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, ukaikamata tai yake ya shingoni na kuibana kifuani, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

Wanawake wakapiga vigelegele. Kashinje hakupiga. Alikuwa ameungoja mkono ule mwaka mzima, akautazama mpaka akashiba, ndipo akamgeukia karani.

"Andika hapo, mwanangu," alisema. "Andika kwamba ameishika tai yake."