Wifi Kaongeza Neno kwenye Ukoo Bila Mimi

Mhariri, jina langu lifiche. Mimi ni bibi wa Murungu, Kibondo, sitini nimeshaipita. Kuandika nimejifunza juzi kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo atakayecheka mwandiko na acheke, ila ajibu.

Babu wa mume wangu alikuwa na wake wawili, na ukoo wake hauenei kwenye kichwa kimoja. Mama mkwe akaugawa, kila kundi likariri majina ya upande wake. Nyumba ya mke mkubwa ikashikwa na wenzetu. Ya mke mdogo tukashika mimi, wifi yangu na shangazi wa mume wangu. Watatu, tena kila mtu kilima chake, ili ugonjwa ukipita kilima kimoja, habari ya nani kamzaa nani isizikwe yote. Kila mtama ukivunwa tulikaa, mmoja anataja majina, wawili wanasikiliza. Habari mpya haikuhesabika mpaka wote tuikubali. Wawili wakibishana, wa tatu anaamua. Na mama mkwe alikaza: "Mkitengana, asiongeze mtu neno mpaka mkutane."

Ikaja amri ya kuhamia vijijini. Mimi na shangazi tukabaki Murungu, wifi akapakiwa lori hadi upande wa Kasulu. Shangazi hakumaliza masika ya kwanza kwenye kibanda tulichopewa kijijini, kinachovuja. Mimi nikafunga mdomo. Sikuongeza, sikupunguza.

Sasa mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe, kaleta mchumba wa Kasulu. Nikamwuliza binti babu yake nani. Aliponitajia, nikamtambua. Babu huyo ni wa nyumba ya mke mdogo. Damu yetu!

Nikaenda kwa wifi. Nikamkuta anapeta maharage, nikamtajia babu wa binti.

"Babu yule si damu, wifi," akasema. "Alikuja mgongoni, mama yake alipoolewa kwetu. Mzee mmoja wa huku alinieleza kabla hajakata roho."

"Nani aliikubali habari hiyo?"

"Nani angeikubali? Ulikuwepo? Au mzee angeahirisha kufa akusubiri wewe?"

"Mama mkwe alisemaje?"

"Mama mkwe hakuliona lori, wifi."

Nikamtukana. Nikamwambia kalainishwa na pombe ya wazazi wa binti. Alilia yule mwanamke, lakini neno lake hakulirudisha.

Mjukuu anasema nikikataa, anakwenda Tanga kukata mkonge. Baba yake, mwanangu wa pekee, alikwenda huko huko. Hajarudi, wala hakuna aliyeniletea hata shuka lake. Nikikubali, na kumbe mzee yule alikuwa anaweweseka tu, nitakuwa nimemwoza ndugu kwa ndugu kwa mdomo wangu. Wa kutuamua alikuwa shangazi, naye yuko chini ya udongo.

Mtama ukivunwa wazazi wa binti wanakuja kuchukua jibu. Nishaurini, ninyi mliosoma: nishike la zamani tulilolikubali watatu, au jipya alilolibeba mmoja peke yake? Na asiniambie mtu nifuate moyo. Moyo wangu ulishakwenda Tanga, haukurudi.